Maziwa Hufuata Mdomo wa Mtoto
Kijitabu cha afya kwa kaya za Lushoto, Bumbuli na vijiji vya Usambara

Kijitabu hiki ni cha nyumba nzima

"Maziwa hayatoshi." Hiyo ndiyo sababu inayotolewa mara nyingi mtoto wa miezi miwili au mitatu anapoanzishiwa uji. Huenda anayesema ni mama mwenyewe. Huenda pia ni mama mkwe, au jirani aliyemsikia mtoto akilia usiku. Uji unapikwa, mtoto ananyamaza, kila mtu anaona dawa imepatikana. Wiki mbili tatu zikipita, maziwa yanapungua kweli, na waliosema hayatoshi wanaonekana walijua.

Kurasa hizi zinaeleza kwa nini mambo huenda hivyo. Zinaeleza pia kwa nini, mara nyingi, kasoro haiko kwenye titi la mama bali kwenye mgawanyo wa kazi za nyumba. Kwa hiyo baba naye asome. Bibi, kama macho yamechoka, asomewe na mjukuu.

Tumepiga hatua. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulionyesha kuwa kati ya watoto 100 wa chini ya miezi sita, 59 walikuwa wananyonya maziwa ya mama peke yake bila maji wala chakula kingine. Ule wa mwaka 2022 ukakuta wamefika 64. Bado zaidi ya theluthi moja wanapewa kitu kingine mapema mno, na hao ndio tunaowazungumzia.

Titi linavyotengeneza maziwa

Ndani ya titi kuna vifuko vidogo sana, vingi mno, vinavyochuja sukari, mafuta, protini na maji kutoka kwenye damu na kuvigeuza kuwa maziwa. Kila kifuko kimezungukwa na nyuzi za misuli, na kutoka humo maziwa hupita kwenye mirija hadi kwenye chuchu. Ukubwa wa titi hutokana zaidi na mafuta yaliyo pembeni mwa vifuko hivyo. Ndiyo maana mama mwenye matiti madogo hunyonyesha sawasawa na mwenye makubwa.

Mtoto akinyonya, mishipa ya fahamu ya kwenye chuchu hupeleka habari kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Tezi hiyo hutoa homoni mbili. Moja ni prolaktini, inayoviamuru vifuko vitengeneze maziwa. Hii hupanda zaidi usiku, kwa hiyo mama anayenyonyesha usiku anajiwekea maziwa ya kesho. Ya pili ni oksitosini, inayozibana zile nyuzi ili maziwa yatoke. Oksitosini hiyohiyo ndiyo inayolibana tumbo la uzazi. Mama akihisi tumbo linamkaza anaponyonyesha siku za mwanzo, ajue mwili unapunguza damu inayomtoka na kulirudisha tumbo mahali pake.

Oksitosini ina tabia yake: maumivu, hofu na maneno makali huizuia isitoke vizuri. Maziwa yapo, ila hayashuki. Mama anayeambiwa kila siku kwamba hana maziwa anaweza kuishia kuonekana hana kwa sababu ya maneno hayo.

Sasa jambo lenyewe. Maziwa yakijaa bila kunyonywa, mwili huchukulia kwamba hayahitajiki, na vifuko hupunguza kazi. Yakitolewa, vifuko hutengeneza mengine. Watu hudhani titi ni tangi linalojazwa na supu na uji wa pilipili manga, kisha likaisha. Sivyo. Ni kama chemchemi: usipochota, hujiziba. Mtoto aliyeshibishwa kikombe cha uji hanyonyi kwa nguvu, na titi lililonyonywa nusu hutengeneza nusu. Hivyo ndivyo uji ulioletwa kuziba pengo unavyolifungua pengo lenyewe.

Mtoto mchanga anyonye mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku ukiwemo. Akiwa na mwezi mmoja na kuendelea, hupata kwa wastani kama mililita 750 hadi 800 kwa siku, na kiasi hicho hakibadiliki sana hadi miezi sita. Hiyo ndiyo maana ya kusema yanamtosha.

Unajuaje kwamba anashiba? Usisikilize kilio peke yake, kwa kuwa mtoto hulia kwa baridi, kwa usingizi na kwa kutaka kubebwa. Tazama mkojo. Kuanzia siku ya 5 au ya 6, mtoto anayeshiba hukojoa mara 6 au zaidi kwa siku, mkojo mweupe usio na harufu kali. Kisha tazama kadi ya kliniki. Ni kawaida apungue uzito kidogo siku za kwanza, ila afikapo wiki mbili awe amerudia uzito aliozaliwa nao, na baada ya hapo mstari upande.

Anavyoshika titi

Maumivu ya chuchu hayatokani na "damu kali" ya mama, bali mara nyingi hutokana na mtoto kushika chuchu tupu. Mgeuze mwili mzima akuelekee, tumbo lake likigusa lako, na pua ikiwa mkabala na chuchu. Gusa mdomo wake kwa chuchu, subiri aupanue kama anayepiga miayo, kisha mlete kwenye titi, si titi kwake. Akishika vizuri, kidevu kinagusa titi, mdomo wa chini umegeuka nje, na sehemu ya weusi unaozunguka chuchu inaonekana zaidi juu ya mdomo kuliko chini. Utasikia anameza, hutasikia mlio wa kubusu. Kama inauma, penyeza kidole kisafi pembeni ya mdomo umwachishe, uanze upya. Anza upya hata mara tano.

Titi likijaa na kuwa gumu, nyonyesha zaidi. Likiwa jekundu, la moto, na mama ana homa, aende zahanati siku hiyohiyo, na aendelee kunyonyesha titi hilo, maana kuliacha limejaa ndiko kunakolifikisha kwenye jipu.

Saa ya kwanza, na yale maziwa ya njano

Maziwa ya mwanzo ni machache, mazito, ya njano. Wako waliokuwa wakiyakamua na kuyamwaga, wakidhani ni machafu au yamelala titini miezi tisa. Hasara yake ni kubwa. Yamejaa kinga kuliko maziwa ya wakati wowote mwingine, na husaidia kinyesi cheusi cha kwanza kitoke, jambo linalopunguza manjano ya mtoto. Uchache wake una sababu: tumbo la mtoto wa siku moja ni dogo mno, kijiko kimoja au viwili vya chai kwa mnyonyo mmoja vinamtosha.

Utafiti uliowafuatilia watoto karibu 100,000 wa Ghana, India na Tanzania, ukachapishwa mwaka 2016, uliwalinganisha watoto kwa saa waliyoanza kunyonya. Walioanza kati ya saa 2 na 23 baada ya kuzaliwa walikuwa katika hatari ya kufa ndani ya siku 28 iliyozidi kwa asilimia 41 ile ya walioanza ndani ya saa ya kwanza. Kwa waliochelewa zaidi ya siku moja, hatari ilizidi kwa asilimia 79. Mama akijifungua, awekewe mtoto kifuani kabla watu hawajaanza kuulizana mtoto kafanana na nani.

Kwa hiyo asipewe maji ya sukari, maji ya chumvi, wala dawa ya mchango. Tumbo linalomnyonga mtoto wa wiki tatu jioni ni jambo la kawaida, nalo hupita. Dawa ya mizizi haipimiki, na maji yake yanaweza kuwa na vijidudu vya mtoni.

Baridi yetu

Lushoto mjini ni takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Magamba na Shume ni juu zaidi. Mwezi Juni na Julai ukungu hukaa hadi saa nne asubuhi. Mtoto mchanga hupoteza joto haraka, na mtoto mwenye baridi hulegea, hanyonyi. Watu huogopa baridi wakakoka jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Hewa ya mkaa inaua, mama na mtoto pamoja.

Joto salama lipo kwenye kifua cha mama. Mtoto avuliwe, abaki na nepi, kofia na soksi, awekwe wima katikati ya matiti, ngozi kwa ngozi, kisha wafungwe kwa kanga na blanketi juu. Hii ndiyo inayoitwa huduma ya kangaroo. Ilianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, hospitali ilipokuwa na upungufu wa vifaa vya kuwatunza njiti. Utafiti wa nchi tano, Tanzania ikiwemo, uliotoka mwaka 2021 ulionyesha kuwa kwa watoto wenye uzito mdogo sana, kuanza kangaroo mara baada ya kuzaliwa badala ya kusubiri hali itulie kulipunguza vifo kwa robo. Mama akichoka, baba afungue vifungo vya shati. Kifua chake kina joto lilelile.

Kilichomo ndani

"Mwanangu, huyu mtoto ana kiu," bibi husema. Jibu ni hili: "Mama, maji yamo." Karibu asilimia 87 ya maziwa ya mama ni maji, na hata kwenye joto la Mombo huko chini, mtoto wa chini ya miezi sita hahitaji maji mengine. Maziwa ya mwanzo wa mnyonyo ni mepesi. Kadiri titi linavyopungua ndivyo mafuta yanavyoongezeka. Aachwe amalize upande mmoja ndipo ahamie wa pili.

Lakini cha ajabu zaidi ni kinga. Mama na mtoto wanalala chumba kimoja, wanavuta hewa moja. Mafua yakiingia nyumbani, au mama akinywa maji yenye vijidudu, chembe za kinga zilizo kwenye utumbo na mapafu yake huvitambua vijidudu hivyo. Baadhi ya chembe hizo husafiri kwa damu hadi kwenye titi, na huko hutengeneza kinga inayoingia kwenye maziwa. Mtoto akinyonya, kinga hiyo hutanda kwenye koo na utumbo wake. Kwa maneno mengine, anapata kinga ya magonjwa ya nyumba yake, ya kijiji chake, ya mwezi huo. Hakuna maziwa ya kopo yanayoweza kufanya hivyo. Ndiyo maana mama mwenye mafua anaendelea kunyonyesha, maana mtoto amekwisha kukutana na ugonjwa na kinga yake imo ndani ya maziwa. Mwenye malaria naye aendelee kunyonyesha.

Kuna pia aina ya sukari ambayo tumbo la mtoto haliwezi kuisaga hata kidogo. Ni chakula cha bakteria wazuri wanaokaa utumboni mwake na kuwanyima nafasi wabaya.

Mama naye ana fungu lake. Uchambuzi mkubwa wa tafiti za nchi 30 uliotolewa mwaka 2002 ulionyesha kuwa kila miezi 12 ya kunyonyesha hupunguza hatari ya saratani ya matiti kwa asilimia 4.3.

Shamba, kuni na soko

Hapa ndipo penye uzito wa kijitabu hiki.

Mama wa milimani huamka mapema, huchota maji, hutafuta kuni, hupanda mteremko kwenda shambani, na siku ya soko hushuka na tenga la karoti au kabichi kuelekea Lushoto, Soni au Mlalo. Mtoto wa miezi mitatu anabaki na dada yake wa miaka minane na chupa ya uji. Saa saba au nane zinapita bila kunyonya. Matiti yanajaa, yanavuja, yanaloanisha gauni. Mwili unasoma habari hiyo kama tulivyoeleza: hayahitajiki, punguza. Halafu jioni watu wanamlaumu mama kwamba hali vizuri.

Ale, ndiyo. Anayenyonyesha anahitaji nyongeza ya chakula kwa siku, sawa na mlo mmoja mdogo: ndizi au viazi na maharage, mboga za majani, parachichi, dagaa, yai likipatikana. Atumie chumvi yenye madini joto, maana mtoto huyapata kupitia maziwa. Chai ya Usambara anywe saa moja mbali na mlo, kwa sababu ikinywewa pamoja na chakula huzuia madini chuma ya mboga na maharage. Lakini chakula kizuri hakiwezi kufanya kazi ya mdomo wa mtoto. Mama asiyeshiba bado hutengeneza maziwa mazuri, huku mwili wake mwenyewe ukilipa gharama. Mama anayekaa kutwa bila kunyonyesha, hata ale kuku kila siku, maziwa yatapungua.

Njia ni mbili. Ya kwanza, aende na mtoto mgongoni, na mtu mwingine abebe mzigo. Ya pili, akamue. Anawe mikono kwa sabuni. Aweke kidole gumba juu na vingine chini, nyuma ya ule weusi, asukume kuelekea kifuani kisha abane na kuachia, asivute chuchu. Akinge kwenye kikombe kilichochemshwa chenye mfuniko. Maziwa hayo hukaa saa 4 bila wasiwasi kwenye joto la kawaida, na mahali penye baridi kama kwetu, vyombo vikiwa safi kabisa, hufika saa 6 hadi 8. Yasichemshwe, kikombe kiwekwe ndani ya maji ya uvuguvugu. Mtoto anyweshwe kwa kikombe kidogo, akiwa ameketi, naye alambe kwa mwendo wake. Chupa ya chuchu tuiache: pembe zake hazisafishiki kwa maji ya ndoo moja.

Na huko shambani, kuna dawa za wadudu. Bustani za nyanya na kabichi hupigwa dawa mara kwa mara. Mama mjamzito au anayenyonyesha asichanganye dawa wala kubeba bomba. Akitoka kwenye shamba lililopigwa dawa, abadilishe nguo na aoge kifua na mikono kabla ya kumpakata mtoto. Asikate tamaa ya kunyonyesha, aipunguze sumu. Makopo ya dawa yasigeuzwe kamwe kuwa vyombo vya maji.

Kuhusu kubemenda

Mtoto anayenyonya akikonda au akichelewa kutembea, husemwa amebemendwa: wazazi walikutana kabla ya wakati, au mmoja alitoka nje ya ndoa. Neno hilo lina aibu, na aibu huua. Mama humficha mtoto, hampeleki kliniki, wakati anachohitaji ni kupimwa utapiamlo, kifua kikuu au VVU.

Ukweli ni kwamba tendo la ndoa halichafui maziwa. Lakini wazee hawakuota tu. Waliona kwamba mimba ikiingia mapema, mtoto wa mgongoni huachishwa ghafla na kudhoofu. Walichokiona ni sahihi. Sababu waliyoitoa siyo. Ulinzi wake ni kupishanisha mimba kwa angalau miaka miwili baada ya kujifungua. Kunyonyesha kwenyewe husaidia: kama mtoto hajafika miezi sita, hedhi haijarudi, na ananyonya maziwa ya mama peke yake usiku na mchana, uwezekano wa kushika mimba ni chini ya 2 kwa 100. Sharti moja likivunjika, mama achague njia nyingine zahanati. Kitanzi, kipandikizi na kondomu haviyadhuru maziwa. Waislamu wanajua kwamba Sura ya Al-Baqara, aya ya 233, inataja miaka miwili ya kunyonyesha. Wataalamu wa afya nao wanashauri miaka miwili au zaidi.

Mama anayeishi na VVU

Ananyonyesha. Tangu mwaka 2013 utaratibu wa Tanzania ni kumwanzishia kila mjamzito na anayenyonyesha mwenye VVU dawa za ARV za maisha. Ameze kila siku, mtoto apewe dawa yake ya kinga kuanzia kuzaliwa na apimwe kwa ratiba. Ndani ya miezi sita ya kwanza asimchanganyie uji wala maziwa ya ng'ombe, kwa kuwa vyakula hivyo huchubua utumbo mchanga na kuvifungulia mlango virusi.

Mama akifariki au akiwa mahututi, tafuta ushauri wa hospitali mapema. Ndugu aliyepimwa VVU na kukutwa salama anaweza kunyonyesha. Irente, karibu na Lushoto mjini, kuna kituo cha Kanisa la Kilutheri kinacholea watoto wachanga waliopoteza mama, na mtoto wa namna hiyo asipewe maziwa ya ng'ombe yaliyozimuliwa kwa kukadiria.

Miezi sita ikitimia

Sasa ndiyo aanze kula, huku akiendelea kunyonya. Viazi vilivyopondwa na maharage yaliyotolewa maganda, ndizi, parachichi, yai, dagaa waliosagwa, matunda yetu. Uji uwe mzito usiodondoka haraka kwenye kijiko. Uji mwepesi hujaza tumbo bila kumpa nguvu.

Msingojee

Mpelekeni kituo cha afya mara moja, hata usiku, mtoto mchanga aliyekataa kunyonya, aliyelegea, mwenye degedege, anayepumua haraka au mbavu zikibonyea, mwenye mwili wa moto au wa baridi isiyoisha hata kifuani kwa mama, au mwenye manjano hadi nyayoni.

Sheria, na neno kwa baba

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama aliyeajiriwa, awe kwenye shamba la chai, shuleni au hotelini, likizo ya siku 84 yenye malipo, siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na akirudi kazini muda wa kunyonyesha hadi saa 2 kwa siku. Auombe, ni haki yake.

Baba aliyeajiriwa ana angalau siku 3. Mkulima hana sheria inayomhesabia siku, na wengi wetu huku ni wakulima. Basi baba, jihesabie mwenyewe: wiki 6 za kwanza kuni, maji na tenga la soko viwe juu yako, na baada ya hapo, kila mama anapokwenda shamba la mbali, mtoto aende naye na mzigo uubebe wewe. Kaeni mlipange hilo sasa, kabla mimba haijatimiza miezi tisa.